Mwalimu yuko mbali, mtihani uko nyumbani

Msikilizaji mpenzi, ukitaka kukimbiwa na watu katika ofisi zetu hizi za mjini, watangazie kwamba umeanza kusoma saikolojia. Mimi niliwaambia wenzangu wa chumba cha habari, na siku hiyo hiyo mmoja wao alipopita mbele ya meza yangu akajifunika uso kwa gazeti. "Jamani, huyu sasa anatusoma mawazo," akasema, na watu wakacheka. Mwingine akaniomba nimtazame machoni nimwambie kama mkopo wake utapita.

Mkopo sikuujua, na mawazo ya mtu sikuyasoma. Baada ya miezi minane ya kozi hiyo, mtu niliyemfahamu zaidi kidogo ni mimi mwenyewe, na mengi niliyoyaona hayakunifurahisha. Wiki hii nimeona tuzungumze habari hiyo, kwa sababu najua wengi mnaonisikiliza ni wanafunzi wa namna yangu. Mpo walimu, wauguzi, makarani, askari na akina mama wenye maduka, mnaosoma usiku baada ya kazi, bila darasa, bila kengele na bila mwalimu wa kuwatazama usoni. Wapo pia walioanza na kuacha, na vitabu vyao vimelala juu ya kabati vikiota vumbi. Hao hasa ndio ninaotaka wanisikilize.

Stashahada yangu ya uandishi wa habari niliipata zamani kidogo, katika chuo chenye kuta na mlango. Tulikuwa na ratiba ukutani, na usipoonekana darasani mwenzako alikufuata bwenini. Miaka imepita, nami nimesoma hewani habari za kila aina: baba aliyeua kwa hasira, kijiji kilichomtuhumu bibi kizee kwa uchawi, vijana waliotapeliwa kwa ahadi ambayo hata mtoto angeishtukia. Kila mara nilijiuliza: kwa nini watu hufanya hivi? Ndipo nilipoamua kujiandikisha katika chuo kimoja kinachofundisha kwa masafa, nikachukua somo la utangulizi wa saikolojia. Nikarudi nyumbani na mfuko wa vijitabu, ratiba ya mazoezi, na tarehe ya mtihani wa kati na wa mwisho. Basi. Mengine yote yalikuwa juu yangu.

Elimu ya namna hii si ngeni duniani wala kwetu. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wa nje ya kuta zake tangu mwaka 1858. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha mwaka 1971. Hapa Tanzania Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Kwa hiyo sikujiona mtu wa ajabu. Nilijiona mtu mwenye akili timamu aliyepata njia ya kusoma bila kuacha kazi.

Sura ya kwanza niliifurahia mno. Ilieleza jinsi Wilhelm Wundt alivyofungua maabara ya saikolojia huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, na tangu hapo watu wakaanza kuipima akili kwa majaribio badala ya kuizungumzia tu. Nilitabasamu. Nikasema moyoni, wenzetu wamehangaika na maabara, sisi mambo haya tunayo katika methali. Kila ukurasa niliofungua nilisema: hili nalijua. Watoto huiga wakubwa? Nalijua. Mtu hufuata kundi? Nalijua. Sikuandika kitu daftarini, maana nani huandika anachokijua?

Hapo, msikilizaji, ndipo mtego ulipo. Saikolojia ni somo linalomdanganya mwanafunzi kwa sababu kila mmoja wetu ana akili, basi hudhani anaijua. Hata methali zetu, ukizitazama vizuri, hazikubaliani. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Halafu tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Halafu tunasema haraka haraka haina baraka. Jambo lolote likitokea, ipo methali ya kulieleza, na lingetokea kinyume chake, ipo nyingine. Kazi ya somo hili ni kuuliza: ni lini hii ni kweli, kwa nani, na tumejuaje? Mimi sikuuliza. Nilisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Ukaja mtihani wa kati. Kwa wiki sita nilikuwa nimeahirisha. Leo zamu ya usiku, kesho msiba, keshokutwa umeme umekatika. Usiku wa kuamkia mtihani nilikaa mezani, miguu ndani ya beseni la maji baridi nisisinzie, birika la chai ya rangi pembeni, nikameza kurasa tisini. Nilipokwenda kulala saa tisa nilikuwa na hakika kwamba yote yamo kichwani. Asubuhi, katika chumba cha mtihani, maswali mawili ya kwanza niliyaweza. La tatu nikalitazama. Nilikumbuka kabisa kwamba jibu liko ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro. Ukurasa niliuona. Jibu sikuliona.

Nilipata alama 31 kwa 100.

Karatasi ile niliikunja nikaitia katika mfuko wa suruali, sikumwonyesha mtu. Mke wangu aliponiuliza nilimwambia majibu bado. Mtu mzima, sauti yake inafahamika redioni, amepata 31. Nikaanza kujieleza mwenyewe: kazi ni nyingi, umeme unakatika, vijitabu vimeandikwa kwa lugha ngumu, na kwa umri huu kichwa kimeshajaa. Nikaona ni heri niache kimya kimya, niseme nilikosa nafasi.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hiyo hiyo. Kijana wangu wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, alirudi nyumbani na daftari la hesabu lenye mikwaju mingi ya kalamu nyekundu. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemkalisha, tukaimba jedwali la saba mpaka akaliweza lote. Na kweli aliliweza. Nikamuuliza: saba mara nane? Akanyamaza. Saba mara sita? Akatazama dari. Nikamwambia, "Jana si ulijua? Wewe ni mvivu, kichwa chako maji." Nikachukua fimbo. Haikuwa mara ya kwanza.

Karatasi yenye alama 31 ilikuwa bado katika mfuko wa suruali ile ile niliyovaa.

Siku chache baadaye nilifungua vijitabu nivifunge pamoja kwa kamba, nivipandishe kabatini. Kimoja kilifunguka katika sura ya kumbukumbu. Nikasoma habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1885. Bwana huyu hakuwa na wanafunzi wa kuwajaribu. Alijijaribu mwenyewe, peke yake, miaka kadhaa. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka akaziweza bila kosa. Kisha akasubiri, dakika, saa, siku, hata mwezi, halafu akazikariri upya na kupima ni kiasi gani cha kazi ya kwanza kilikuwa kimebaki kumsaidia.

Majibu yake yalinikalisha chini. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Baada ya mwezi, karibu sehemu nne katika tano. Tena kupotea kwenyewe hakuendi kwa hatua sawa. Hukimbia sana mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walirudia jaribio hilo, wakapata mchoro unaofanana sana na wake. Ni kweli kwamba jambo lenye maana hukaa kichwani kuliko silabi za ovyo. Lakini kwa mtoto wa darasa la nne, saba mara nane ina maana gani? Kwake ni sauti tu. Aliijua jana, leo haipo. Hakuwa mvivu wala hakuwa na kichwa cha maji. Alikuwa na kichwa cha binadamu, kama cha Ebbinghaus, na kama cha baba yake kilichopata 31.

Sura iliyofuata ilinimaliza kabisa. Ilieleza jambo ambalo Lee Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford alilipa jina mwaka 1977: tunapoona kosa la mtu mwingine, huwa wepesi kulaumu tabia yake na kusahau mazingira yake. Wahenga walilisogelea zamani waliposema nyani haoni kundule. Niliposhindwa mimi, mwenye makosa alikuwa umeme, zamu ya usiku na lugha ya vijitabu. Aliposhindwa kijana, mwenye makosa alikuwa yeye. Nyumba ni moja, umeme unaokatika ni ule ule, na wiki ilikuwa hiyo hiyo moja. Mimi nilijipa udhuru, yeye nikampa fimbo.

Na kulikuwa na jingine, ambalo naona haya kulisema lakini nitalisema. Mwaka 1920 huko Baltimore, Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimfanyia mtoto mchanga jaribio ambalo leo lisingeruhusiwa. Walimwonyesha panya mweupe, na kila alipotaka kumgusa walipiga nyundo kwenye chuma nyuma ya kichwa chake. Muda si muda mtoto akawa analia akimwona panya tu, hata bila kelele. Kisha akaanza kumwogopa sungura, na hata koti la manyoya. Nilipofika hapo nikakumbuka msemo wetu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Nikamwita kijana sebuleni, nikanyoosha mkono kuchukua daftari lake la hesabu lililokuwa juu ya meza.

Alirudi nyuma hatua moja na kuinua bega.

Fimbo haikuwapo. Sikuwa nimekasirika. Lilikuwapo daftari tu. Miezi yote ile nilidhani sijamfundisha kitu. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kimoja, naye alikishika barabara. Nilimfundisha kuogopa hesabu.

Mila zetu hazimtegemei baba kumwomba radhi mtoto. Nilikaa kitambo bila kujua nianzie wapi. Mwishowe nilitoa ile karatasi mfukoni, nikaikunjua, nikamwekea mbele yake. Akasoma jina langu, akasoma alama, akanitazama. "Baba, hii ni yako?" Nikamwambia ni yangu. Nikamwambia nilisoma usiku mzima na asubuhi nikasahau, kama yeye na saba mara nane, na kwamba siku ile nilimchapa kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo mfukoni. Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Hakusema kitu kikubwa. Aliuliza tu, "Sasa na wewe nani atakuchapa?" Mama yao alikuwa mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo naye alivyopata kujua majibu yangu.

Kuanzia siku ile tukabadili utaratibu. Ebbinghaus aligundua kwamba kurudia mara 38, kukigawanywa katika siku tatu, kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Sikiliza tena hesabu hiyo, wewe unayekesha usiku wa kuamkia mtihani: 38 zilizogawanywa ni sawa na 68 za mkupuo. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hapa ndipo methali na maabara zilipokutana, na maabara ikatupa hesabu. Nikaacha kumeza kurasa tisini. Nikasoma kurasa sita kila jioni, na kila jioni nikarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele.

La pili, niliacha kujidanganya kwa kusoma tena na tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari mara ya pili. Wengine walifunga karatasi wakajaribu kuandika wanayokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ile hali yangu ya kusema "hili nalijua" ilikuwa mazoea ya macho tu. Kulijua jambo ni kuweza kulisema kitabu kikiwa kimefungwa.

Basi kila jioni, baada ya chakula, mimi na kijana tunakaa meza moja. Ananishikia kijitabu changu na kuniuliza maswali, ingawa majina ya Kijerumani humtoa jasho. Mimi namshikia daftari lake. Akikosa, tunaweka alama na kuuliza tena keshokutwa. Nikikosa mimi, hufurahi sana, nami namwacha afurahi. Fimbo mama yao aliifanya kuni.

Hapo, msikilizaji, nikakumbuka jambo alilonisimulia marehemu mama yangu. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio ilitangaza somo, na watu walikuwa na vijitabu. Lakini hawakusikiliza kila mtu peke yake nyumbani kwake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake. Wakishasikiliza walijadiliana, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Takriban watu milioni 2 walishiriki katika Mtu ni Afya. Mama alikuwa mmoja wao, na hadi anazeeka aliweza kukueleza jinsi mbu anavyoeneza malaria, hatua kwa hatua. Mwalimu alikuwa mbali, studio ya redio Dar es Salaam. Lakini mwanafunzi hakuwa peke yake.

Nadhani hicho ndicho tulichokipoteza. Leo vifaa tunavyo zaidi. Kijitabu kinaingia katika simu kwa dakika moja. Lakini mwanafunzi wa masafa anakaa peke yake, anashindwa peke yake, na anaona aibu peke yake. Hakuna wa kumwambia kwamba kusahau ni kwa kila mtu. Kwa hiyo hudhani kasoro ni ya kichwa chake, anakunja karatasi yake, anaacha kimya kimya. Wanafunzi kuachia njiani ni tatizo la siku nyingi la vyuo vya masafa popote duniani, na siamini kwamba wote hao walikosa akili. Vyuo vyenyewe visaidie. Vinapompa mwanafunzi mfuko wa vijitabu, vimpe na majina ya wenzake wawili watatu wa mtaa ule ule. Karatasi hiyo moja ya majina ingeweza kuokoa karo nyingi.

Pengine unataka kujua niliishia wapi. Mtihani wa mwisho nilipata alama 64. Si za kupigiwa vigelegele, lakini nilifaulu, na hivi sasa nimejiandikisha somo la pili. Kijana hajawa wa kwanza darasani, wala wa kumi. Kugawanya bado kunamsumbua. Ila juzi alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akaniwekea daftari mkononi akasema, "Baba, niulize." Bega lilikuwa mahali pake.

Wewe uliye na vijitabu juu ya kabati, vishushe leo, ukung'ute vumbi. Usisome kurasa tisini, soma sita. Kisha kifunge kitabu, umtafute mtu akuulize: mke, mume, jirani, mpangaji mwenzako, hata mtoto. Na mtoto wako akisahau alichokijua jana, kabla hujanyanyua mkono, kwanza papasa mfuko wako mwenyewe. Huenda kuna karatasi humo.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaheri.